Dozi ya H. pylori: namna ya kunywa dawa ya asidi pamoja na antibiotiki mpaka siku ya 14

Nafanya kazi kwenye famasia hapa Malaba, upande wa Uganda, mwendo mfupi kutoka mahali malori yanapopanga foleni kusubiri karatasi. Wateja wangu wengi ni madereva, na madereva wengi wanalalamika tumbo. "Daktari, nipe ile ya alsa," wananiambia, wengine hata salamu bado. Mimi si daktari, ila nimeshachoka kuwasahihisha. Hiyo "ile ya alsa", yaani ya vidonda vya tumbo, ni omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, kapsuli kumi, za kuwavusha Elegu hadi Juba.

Na kweli zitawavusha. Tumbo litatulia, watakula, watalala. Lakini kama kinachowachoma ni bakteria aitwaye H. pylori, watarudi naye yuleyule, na mwezi ujao tutakuwa palepale kwenye kaunta. Kwa mtu wa namna hiyo dawa ya asidi haitoshi, na antibiotiki peke yake haitoshi. Ni lazima ziende pamoja, kwa vipimo vyake, kwa siku zote. Mwongozo huu ni kwa yule aliyepimwa na kuandikiwa dozi hiyo, au anayekaribia kuandikiwa. Ukiona niliyoandika yanatofautiana na karatasi ya daktari wako, mrudie yeye umuulize. Yeye amekuona, mimi sijakuona.

Kwanza, kwa nini dawa za aina mbili

Zamani vidonda vya tumbo vilisingiziwa pilipili na mawazo, na hapa kwetu bado. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walifanikiwa kumwotesha bakteria huyu maabara kutoka kwenye matumbo ya wagonjwa. Wenzao wengi hawakuwaamini. Bakteria gani ataishi kwenye asidi kali namna ile? Mwaka 1984 Marshall akachukua bakteria hao, akawanywa. Baada ya siku chache akaanza kichefuchefu na kutapika, na kipimo cha kamera kikaonyesha tumbo lake limevimba ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Usijaribu nyumbani, kama kuna haja ya kusema.

Siri ya bakteria huyu ni kwamba haogelei kwenye asidi siku nzima. Anajichimbia chini ya ute unaofunika ukuta wa tumbo, na huko anatengeneza amonia inayomzimulia asidi pale pale alipo. Asidi inapokuwa kali, anatulia tu. Haongezeki, anangoja. Sasa amoksilini, antibiotiki ya kwanza ya dozi hii, ina tabia moja: inaua bakteria anayejenga ukuta wake, yaani anayekua na kugawanyika. Aliyelala haimgusi sana. Klarithromisini nayo, antibiotiki ya pili, asidi huipunguzia nguvu.

Hapo ndipo omeprazoli inapoingia. Inafunga pampu zinazomwaga asidi tumboni. Asidi ikishuka, bakteria wanajiona wako salama, wanaanza kuzaana, kama panya wanaotoka ghalani taa ikizimwa. Na amoksilini inawakuta wako nje. Klarithromisini nayo inabaki nzima. Kwa hiyo omeprazoli katika dozi hii siyo ya kutuliza tu, ndiyo inayozima taa.

Lakini ndiyo pia inayowapoteza watu. Maumivu yanapungua siku ya tatu au ya nne kwa sababu asidi imeshuka, bakteria wako hai bado. Mtu anajisikia mzima, anaziweka zilizobaki "za akiba". Karibu kila dozi iliyoshindwa ninayoisikia kaunta inaanza na neno hilo la akiba.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni H. pylori

Karibu nusu ya watu duniani wanaishi na bakteria huyu na wengi wao hawaumwi kitu. Na si kila tumbo linalochoma linaye. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hutoboa tumbo bila msaada wa bakteria yeyote, na madereva wenye mgongo hulamba diklofenaki kama pipi.

Kipimo cha kuomba ni cha choo, kile kinachotafuta chembe za bakteria mwenyewe, au cha pumzi palipo na mashine yake. Kipimo cha damu kiache. Nasema hivyo kwa uchungu, maana kabla sijaanza kazi hii nilipimwa damu kwenye kliniki moja, nikaambiwa ninaye, nikanywa dozi nzima. Miezi minne baadaye kiungulia kikarudi, nikarudi palepale, wakanipima damu tena, wakaona mistari miwili, wakaniuzia dozi ya pili. Hakuna aliyeniambia kwamba kipimo cha damu hutafuta askari ambao mwili uliwatengeneza, na askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi, hata mwaka na zaidi, baada ya bakteria kuisha. Nilipokuja kupimwa choo, hapakuwa na kitu. Tatizo langu lilikuwa chai ya rangi usiku na kulala mara tu baada ya kula.

Kabla ya kupima choo, uwe umeacha omeprazoli na ndugu zake kwa wiki mbili, na antibiotiki yoyote kwa wiki nne. Usipofanya hivyo, bakteria wanapungua kwa muda na kipimo kinakudanganya kwamba huna. Ndugu za omeprazoli utawajua kwa mwisho wa majina yao kwenye pakiti, yote yanaishia "prazole". Sampuli ipeleke maabara ingali mbichi.

Wapo wasiotakiwa kuanza na mimi wala na kipimo cha choo, bali hospitali. Ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, ukipata choo cheusi kinachonata kama lami, ukikonda bila sababu, chakula kikikwama ukimeza, au umevuka miaka 50 na tumbo ndiyo kwanza limeanza kusumbua, unahitaji kuangaliwa kwa kamera, Mulago au hospitali nyingine yenye huduma hiyo. Maumivu makali ya ghafla na tumbo likawa gumu kama ubao, hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Panda gari.

Hatua ya 2: Sema kila kitu kabla hujaandikiwa

Hapa natumia muda mwingi kuliko hatua zote, na watu hununa kwa sababu foleni ni ndefu. Lakini dozi hii inagongana na dawa nyingi ambazo watu wetu wanazo mifukoni.

Je, umewahi kuvimba midomo, kupata vipele au kukosa pumzi baada ya sindano au kidonge cha penisilini? Amoksilini ni ukoo huohuo. Kuna dozi isiyokuwa nayo, lakini lazima aliyekuandikia ajue.

Je, ni mjamzito, au huenda ni mjamzito? Mara nyingi tiba hii husubiri mpaka mtoto azaliwe, na tetrasaiklini, antibiotiki ya ile dozi ya dawa nne, haitakiwi kabisa wakati wa ujauzito. Anayenyonyesha naye aseme.

Je, unatumia dawa za virusi vya UKIMWI? Najua swali hili linafanya mtu aangalie mlango. Njoo pembeni uninong'oneze, au mwambie daktari wako. Kama dawa yako ina dolutegraviri, omeprazoli haina shida nayo. Yenye shida ni zile dawa za asidi za kutafuna au za maji zenye magnesiamu na alumini. Dolutegraviri imezwe saa mbili kabla ya hizo, au saa sita baada yake. Lakini kama unatumia atazanaviri, au rilpivirini, simama kwanza. Omeprazoli inazizuia zisiingie mwilini, na unaweza kuharibu tiba ya maisha yako kwa ajili ya kiungulia.

Je, uko kwenye dawa za kifua kikuu? Rifampisini iliyomo hushusha nguvu ya klarithromisini na ya omeprazoli yenyewe. Je, unameza dawa ya kifafa ya kabamazepini, simvastatini ya mafuta ya damu, au waferini ya kuzuia damu kuganda? Je, una ugonjwa wa moyo au figo? Zote hizo hubadilisha dozi.

Na malaria, kwa sababu hii ni Uganda. Ukishikwa na malaria katikati ya dozi, tibiwa malaria, usiichezee. Ila mwambie atakayekutibu kwamba unameza klarithromisini. Dawa hiyo na ile mseto ya malaria yenye lumefantrini zote mbili zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na ni vizuri mtu aamue huku anajua.

Swali la mwisho watu hulipuuza: miaka miwili mitatu iliyopita umewahi kunywa antibiotiki gani? Mtu aliyewahi kupewa klarithromisini au azithromisini kwa kifua, bakteria wake wa tumbo huenda wameshaizoea. Metronidazoli ndiyo balaa zaidi. Kwa kuwa kila mtu akiharisha hununua vidonge vyake, katika nchi nyingi za Afrika bakteria hawa wana usugu mkubwa dhidi yake. Kama una pakiti ya zamani nyumbani, njoo nayo.

Hatua ya 3: Hesabu vidonge hapo hapo kaunta

Dozi iliyozoeleka ya dawa tatu ni hivi: omeprazoli miligramu 20 mara mbili kwa siku, amoksilini gramu 1 mara mbili kwa siku, na klarithromisini miligramu 500 mara mbili kwa siku. Madaktari wengine huongeza omeprazoli iwe 40 kila mara. Badala ya klarithromisini, wengine huandika metronidazoli miligramu 400 mara mbili, na kwa kuwa vidonge vyake vingi hapa ni vya 200, hapo unameza viwili viwili.

Siku zamani zilikuwa 7, baadaye 10. Siku hizi miongozo mingi ya kitaalamu inasema 14, na mimi nikiona karatasi ya siku 7 humwomba mteja ampigie aliyeandika amuulize. Wengine hunijibu kwamba nataka kuuza. Sawa.

Sasa hesabu. Kapsuli za amoksilini ni za 500, kwa hiyo gramu 1 ni kapsuli mbili. Asubuhi omeprazoli moja, amoksilini mbili, klarithromisini moja: vinne. Jioni vinne. Kwa siku 14 ni 112, yaani omeprazoli 28, amoksilini 56, klarithromisini 28. Mwaga kwenye kaunta uhesabu. Ukipewa amoksilini 28 tu, au umepewa nusu dozi au umepewa siku saba, na hutajua mpaka ziishe ukiwa Gulu.

Kuna pia pakiti zilizopangwa tayari, kila siku na kadi yake, vya asubuhi juu, vya jioni chini. Ni nzuri kwa mtu wa safari. Ila zisome. Pakiti moja ina klarithromisini ya 500, nyingine ya 250. Moja ina amoksilini, nyingine imeweka tinidazoli mahali pake. Nyingi ni za siku saba, kwa hiyo dozi ya 14 ni pakiti mbili za aina ileile. Mteja wangu mmoja alinunua ya kwanza hapa na ya pili Tororo, akaja kunionyesha kwamba rangi si zile. Rangi ilikuwa jambo dogo. Ndani yake dawa mbili kati ya tatu zilikuwa tofauti.

Antibiotiki ni dawa za kuandikiwa. Ukiuziwa dozi hii bila karatasi na bila swali hata moja, duka hilo lina haraka kuliko wewe.

Kama huna pesa za dozi nzima, usianze. Najua yanasikika magumu yakitoka kwa muuza dawa. Lakini antibiotiki za siku tano hazikupi nafuu ya siku tano, zinakupa bakteria waliofundishwa. Nunua omeprazoli uitumie kutuliza, kusanya pesa, uanze siku utakayoweza kumaliza, na ukumbuke ile kanuni ya wiki mbili kama bado hujapima. Au nenda kituo cha afya cha serikali, ngazi ya tatu au ya nne, uulize kwanza walichonacho.

Hatua ya 4: Panga saa

Omeprazoli inafunga pampu zinazofanya kazi, na pampu huamshwa na chakula. Ukiimeza dakika 30 kabla ya kula, inakuwa imeshafika kwenye damu pampu zinapoamka. Ukiimeza umeshiba, au ukiimeza halafu usile kabisa, nusu ya kazi imepotea. Kapsuli meza nzima. Zile punje ndogo ndogo zilizomo ndani zimefunikwa makusudi zisiyeyuke tumboni. Ukizitafuna, asidi inaziua kabla hazijafika utumbo mdogo.

Antibiotiki zinakaa vizuri zaidi mwishoni mwa chakula, tumbo halichafuki sana.

Kwa mtu anayelala nyumbani, ratiba ni hii. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, omeprazoli na maji. Saa moja, chai na kikomando au chochote kilichopo, na ukimaliza tu, amoksilini mbili na klarithromisini. Saa kumi na mbili na nusu jioni, omeprazoli. Saa moja usiku, posho na maharage, halafu zile tatu. Weka simu ikulilie. Itaandika 6:30, na wewe usije ukaisoma saa sita na nusu ukala dawa mchana.

Kwa dereva mambo ni mengine. Anakula gari linapopumzika. Kwa hiyo simpi saa, nampa mlango: asubuhi kabla ya kuwasha injini meza omeprazoli, kisha kagua magurudumu, mafuta, kamba za turubai. Ukimaliza kukagua nusu saa imepita, nenda kale, umeze zilizobaki. Jioni ukiegesha, omeprazoli kwanza, ndipo uoge na kuagiza chakula. Kati ya asubuhi na jioni kuwe na kama saa kumi na mbili, lakini ikiwa kumi na moja au kumi na tatu hakuna kesi.

Mimi huwafungia dawa za kila siku kwenye vibahasha, 14, nachora jua upande mmoja na mwezi upande wa pili, na tarehe juu. Kibahasha kisichofunguliwa kinajieleza chenyewe.

Ukisahau, meza ukikumbuka. Ikiwa muda wa nyingine umekaribia, iache hiyo iliyopita, usirundike mbili. Ukisahau mara moja dozi haijafa. Ukisahau siku mbili mfululizo, nipigie.

Hatua ya 5: Chunga joto, pombe na majani

Joto kwanza, kwa sababu halifikiriwi. Dereva mmoja aliniletea boksi lake siku ya sita, kapsuli zimeshikana kama peremende, kaziweka kwenye dashibodi tangu Bugiri. Kioo cha mbele cha lori ni tanuri. Pakiti nyingi zimeandikwa zisipite nyuzi 30. Ziweke kwenye begi la nguo, chini ya kitanda cha nyuma, pakavu.

Pombe. Ukipewa metronidazoli au tinidazoli, usiguse pombe siku zote za dozi na siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Watu wengine huwaka uso, moyo hudunda, hutapika mpaka wanaogopa. Hapa kwetu wilaya ya Tororo nikisema pombe, watu wanaelewa waragi na bia. "Malwa si pombe, daktari, malwa ni chakula," mzee mmoja wa Kiteso aliniambia, na alimaanisha. Malwa ni pombe, mzee wangu, hata ukiivuta kwa mrija mrefu na maji ya moto. Hata dozi yako isipokuwa na metronidazoli, pombe inachubua tumbo unalolitibu.

Sigara hupunguza uwezekano wa dozi kufaulu. Mairungi nayo, kwa wanaotafuna njiani ili wasilale: imeonekana kupunguza ampisilini, ndugu wa amoksilini, inayoingia mwilini, na amoksilini kwa kiasi kidogo, na zaidi ya hapo inaua njaa, kwa hiyo omeprazoli inakosa chakula cha kuamsha pampu. Kama huwezi kuacha, basi iwe mbali na saa za dawa, angalau saa mbili.

Chakula kula unachoweza. Pilipili haikuleta bakteria na kuiacha hakutamfukuza. Kama inakuunguza, iache kwa sasa. Maziwa yanatuliza dakika chache halafu tumbo linamwaga asidi zaidi. Majani machungu ya mululuza, juisi ya kabichi na mgagani siwezi kukwambia yanaua H. pylori. Ninachoomba ni kwamba usiyachanganye na dozi kwa siku hizi 14, ili ukipata vipele au kuharisha tujue kimetoka wapi.

Diklofenaki iweke kando kabisa. Mgongo ukiuma, parasetamoli.

Hatua ya 6: Jiandae kwa siku mbaya

Kati ya siku ya tatu na ya tisa, wengi wanataka kuacha. Klarithromisini inaacha uchungu mdomoni, kama umelamba sarafu. Metronidazoli vivyo hivyo, na mkojo unaweza kuwa mweusi kidogo. Choo kinalainika. Kichefuchefu kinakuja na kuondoka. Haya yote ni ya kuvumilia. Kwa mdomo, tafuna kipande cha tangawizi au chungwa. Kwa choo laini, kunywa maji mengi au chumvi za kuongeza maji mwilini, na usinunue dawa ya kufunga kuharisha.

Yasiyo ya kuvumilia ni vipele mwili mzima, kuvimba uso au ulimi, pumzi kubana, kuharisha maji mengi mara nyingi kwa siku au kuharisha damu, macho kuwa ya manjano, moyo kwenda mbio ovyo. Hapo acha dawa na uende hospitali na pakiti mkononi.

Kama umepewa dozi ya dawa nne

Hii ni ya wenye mzio wa penisilini, au dozi ya kwanza ilishindwa, au daktari anaona klarithromisini imeshazoeleka eneo lenu. Ni omeprazoli, bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli, siku 14, na nyingine kati yake ni mara nne kwa siku. Ni ngumu, sitakuficha. Tetrasaiklini isikutane na maziwa, chai ya maziwa, vidonge vya madini ya chuma wala dawa za asidi za kutafuna. Ziachane saa mbili au zaidi. Wadogo chini ya miaka 8 hawapewi. Bismathi hugeuza choo na ulimi kuwa vyeusi, na hilo ni la kawaida, lakini kikiwa cheusi, kinanata na una kizunguzungu, usiseme ni bismathi, nenda upimwe.

Hatua ya 7: Baada ya siku ya 14

Antibiotiki zinaishia hapo. Omeprazoli huenda ikaendelea, hasa kama kamera iliona kidonda chenyewe. Mara nyingi ni wiki nne hadi nane kwa jumla, kadiri daktari alivyoandika. Bakteria akishaondoka kidonda kinahitaji muda wa kufunga.

Halafu kipimo cha pili, ambacho karibu hakuna anayerudi kukifanya. Kisiwe cha damu, kwa sababu ile niliyoilipia mara mbili. Kiwe cha choo au pumzi, angalau wiki nne baada ya antibiotiki ya mwisho na angalau wiki mbili baada ya omeprazoli ya mwisho. Mfano: antibiotiki zimeisha tarehe 14 mwezi wa 6, omeprazoli ukaimaliza tarehe 28. Kipimo ni kuanzia tarehe 12 mwezi wa 7. Katika zile wiki mbili za kungoja kiungulia kinaweza kurudi kwa sababu asidi inarejea. Tumia dawa ya kutafuna ya magnesiamu, haiharibu kipimo. Andika tarehe kwenye ukuta, au kwenye ile karatasi ya bima ya gari ambayo lazima uiangalie.

Wake na waume huuliza kama nyumba nzima inywe. Bakteria huyu huambukizwa mara nyingi utotoni, ndani ya familia, kwa mikono, kwa maji, kwa matapishi. Hatumezeshi watu kwa kubahatisha. Mwenye dalili apimwe, aliyeonekana naye atibiwe. Watoto wana dozi zao kwa uzito, wapelekwe kwa daktari. Chemsha maji, nawa mikono ukitoka chooni.

Kipimo kikisema bado yupo, usirudie dozi ileile. Ile klarithromisini haitafanya mara ya pili kilichoshindikana mara ya kwanza. Njoo na pakiti tupu ya dozi ya kwanza, useme ulimeza siku ngapi kweli, siyo siku ngapi ulizoandikiwa. Sitakugombeza. Nikijua ni siku sita, daktari atachagua kwa njia moja. Nikijua ni zote 14 bila kuruka, atachagua kwa njia nyingine.